Bunduki za zamani za leva: mambo ya kukagua kabla hujatoa hela

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya wenzetu walioko Marekani ambao wameanza kuvutiwa na bunduki za zamani za leva, zile za kwenye muvi za kauboi, mtu anashusha kile chuma kinachozunguka vidole, anakirudisha juu, na risasi nyingine ishakaa tayari. Naona watu wanaenda kwenye maonesho ya bunduki wikiendi, wanakuta Winchester inang'aa mezani, wanalipa, halafu baadae wanakuja kuambiwa ilipigwa rangi upya na bei yake halisi ni nusu au chini ya hapo, na hela hairudi. Ukishika jambo moja tu humu shika hili: kwenye hizi bunduki tunalipia uhalisi, hatulipii kung'aa. Bunduki ya 1890 iliyochakaa kwa kutumika tu, haijaguswa na fundi yeyote, ina thamani kuliko mwenzake iliyosuguliwa ikatolewa inawaka.

Sheria kwanza, maana hapa watu wanachanganya sana. Sheria ya shirikisho ya 1968 ya kudhibiti silaha inasema bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni antiki, haiingii kwenye hesabu ya silaha za kawaida kwa sheria hiyo, ndo maana unaona zinanunuliwa jimbo hadi jimbo bila kupita kwa dila mwenye leseni. Lakini majimbo yana sheria zao, mengine makali kuliko shirikisho, kwa hiyo angalia ya kwako kabla hujanunua. Na kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, ujue bunduki za kisasa umezuiliwa isipokuwa kwa vighairi vichache, usije ukanunua ukidhani ni antiki kumbe sio. Na mtego mkubwa ni huu, jina la modeli sio mwaka wa kutengenezwa! Winchester Model 1894 ilitengenezwa kuanzia 1894 mpaka kiwanda cha New Haven kinafungwa 2006, zaidi ya milioni 7, kwa hiyo nyingi unazokutana nazo ni za juzi tu ukilinganisha. Anayekuambia "hii ni ya 1894 bro" mwambie akuonyeshe namba ya bunduki iliyopigwa kwenye chuma. Na ukiwaza kuipeleka nyumbani Dar au Mombasa, anza na polisi wa huko na vibali, usidhani uzee wa bunduki unakufutia hitaji la kibali, na wala usithubutu kuichomeka kwenye kontena.

Sasa familia zenyewe kwa ufupi, maana huwezi kukagua kitu usichokijua ni kipi. Ya kwanza kufanikiwa kweli ni Henry ya 1860, kazi ya Benjamin Tyler Henry, zilitoka kama 14,000 tu, bomba lake la risasi liko wazi chini na halina mbao ya mbele. Ikafuata Winchester 1866, ile ya njano, hapo ndo ukaja mlango mdogo wa kupakia risasi ubavuni uliobuniwa na Nelson King, na mbao ya mbele ikaongezwa mtu asiungue mkono. Halafu 1873, hii ndo maarufu kupita zote, zilitengenezwa zaidi ya 700,000, nyingi kwa risasi ya .44-40. Kisha John Moses Browning akaja na 1886, 1892, 1894 na 1895, mitambo imara zaidi, na hiyo 1895 ina magazini ya boksi badala ya bomba. Ndo aina aliyoshuka nayo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, pale Mombasa mwaka 1909 akienda safari yake ya kuwinda, ya kwake ilikuwa ya risasi ya .405. Urusi nayo ilichukua zaidi ya 290,000 za 1895 wakati wa vita kuu ya kwanza, hizo utazijua kwa reli mbili za kupitishia klipu ya risasi juu ya bodi (kile kisanduku cha chuma chenye mtambo). Nje ya Winchester kuna Marlin, ambazo kuanzia 1889 zina bodi iliyofungwa juu na zinatema ganda kwa pembeni, na kuna Savage 1899 isiyo na nyundo ya nje, magazini yake ni ya kuzunguka na ina kidirisha ubavuni cha kuonyesha risasi zimebaki ngapi. Mimi kwa mtu anayeanza namshauri Marlin 1893 au Winchester 1892 iliyochakaa kwa haki, bei zake bado mtu wa kawaida anazifikia na utajifunza mengi.

Kukagua. Kabla hata ya kuangalia rangi, omba ruhusa ya mwenye nayo, elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, shusha leva taratibu, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa macho na kwa kidole. Usiishie hapo. Bunduki hizi zina bomba la risasi chini ya mtutu, na risasi inaweza kukwama humo miaka na miaka kwa sababu springi imechoka, kwa hiyo shusha na pandisha leva mara kadhaa na uone kile kisukumio cha bomba kimefika mwisho. Bunduki iliyokaa darini miaka 80 iheshimu vile vile. Ile Winchester 1873 iliyokutwa mwaka 2014 imeegemezwa kwenye mti wa mreteni kule Great Basin, Nevada, iliyotengenezwa 1882, mtutu na bomba havikuwa na kitu ila walipoipiga eksirei kwenye hospitali ya mji wa Cody wakakuta risasi moja imelala ndani ya kitako, kwenye ile tundu ya kuwekea fimbo za kusafishia. Hakuna aliyejua ipo humo.

Ukishajua iko salama, irudishe mezani, simama hatua mbili nyuma na uiangalie nzima. Jiulize swali moja, je uchakavu wake unaendana? Bunduki iliyobebwa kweli inachakaa sehemu zinazoeleweka: chini ya bodi pale mtu anapoishika akitembea nayo, kwenye kingo, kwenye mdomo wa mtutu, kwenye leva panaposhikwa na vidole, na kwenye mbao za pembeni kama ilikaa kwenye ala ya farasi. Sasa ukikuta kitako kimekwanguka balaa halafu bodi ina bluu (ile rangi ya giza ya chuma cha bunduki) nyeusi iliyojaa kila kona, hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Au mtutu msafi mno kwenye bodi iliyoliwa na kutu. Chuma na mbao vya bunduki moja vimezeeka pamoja, vimeloana pamoja, lazima vifanane umri.

Rangi ndo inayodanganya watu wengi kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Bluu ya kiwandani ya enzi zile, ukiiweka kwenye mwanga wa dirisha (sio taa za ukumbini, zile zinaficha), ina kina, na inapochakaa inafifia polepole kuelekea kahawia au kijivu, hakuna mpaka mkali. Bluu ya kisasa ya kuchemshwa kwenye chumvi huwa nyeusi na ya usawa mmoja kila mahali. Chukua lensi uangalie ndani ya vishimo vya kutu: kama kuna rangi ndani ya kishimo, maana yake kutu ilikuja kwanza rangi ikaja baadae, hapo imepigwa upya, hakuna maelezo mengine. Halafu angalia matundu ya skrubu, kama kingo zake zimezama zikawa kama sahani basi lile gurudumu la kung'arishia limepita hapo. Angalia maandishi pia, herufi za kiwandani zinasimama wima na kingo kali, zikisuguliwa zinakuwa nyembamba upande mmoja, au nusu ya neno inaonekana na nusu imefutika.

Nyingi za miaka ya 1800 nyundo na leva zilitoka na ile rangi ya kuchomwa kwenye mkaa wa mifupa, bluu na kahawia na zambarau zimechanganyika kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji, na bodi ya 1886 za mwanzo nayo ilikuwa hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1900. Rangi hizi zinapotea kwa mwanga na kwa kushikwa, kwa hiyo zitafute palipojificha: ubavuni mwa nyundo, ndani ya leva, chini ya mwisho wa mbao. Zikiwepo hapo na nje zimegeuka kijivu laini, furahi, ni ushahidi kwamba haijaguswa. Zikiwa zinawaka mwili mzima kwenye bunduki ambayo mbao zake zimechoka, uliza maswali. Alafu usiogope 1894 za karne ya 20 ambazo bodi imebanduka rangi ikabaki kahawia wakati mtutu bado ni bluu nzuri, chuma cha bodi zile hakikushika rangi vizuri, ni kawaida yake na wajuzi hawaikatii bei sana.

Kuhusu 1866, bodi yake sio chuma, ni shaba ya aina yake, kwa hiyo beba sumaku ndogo mfukoni. Sumaku ikinata kwenye bodi, rudisha bunduki mezani uondoke. Ila sumaku isiponata bado hujamaliza, maana Waitaliano wanatengeneza kopi za shaba, Uberti ndo jina kubwa, na wapo wanaofuta alama za kiwanda na kuichakaza kwa asidi. Tafuta mihuri midogo ya ukaguzi ya Italia kwenye mtutu na bodi, hata chini ya mbao ya mbele kama mwenye nayo atakubali kufungua, na penye sehemu iliyokwanguliwa bila sababu jiulize palikuwa na nini.

Skrubu zinaongea! Mfereji wa skrubu ya kiwandani ni mwembamba na kingo zake ni kali. Ukiona umetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, kuna mtu aliingia ndani, na ukishajua aliingia unaanza kutafuta alifanya nini. Skrubu moja iliyotafunwa sio mwisho wa dunia, zikiwa zote sita ni habari nyingine.

Mbao sasa. Pitisha ukucha wako taratibu pale mbao ya kitako inapokutana na chuma cha bodi na ule ulimi wa chuma wa juu, unaotoka kwenye bodi kuingia nyuma kwenye mbao. Kiwandani waliacha mbao ya wolnati ijitokeze juu kidogo kuliko chuma, ukucha unatakiwa ukwame kidogo kwenye ukingo wa mbao. Ukucha ukipita ukaanguka kwenye chuma, yaani chuma kiko juu na mbao iko chini, basi mbao ilipigwa msasa. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na wauzaji wengi hawatarajii ukifanye. Angalia pia nyufa nyuma ya ulimi huo, ndo mahali mbao za leva hupasukia, na nenda mpaka bamba la kitako, likiwa limejitokeza nje kuliko mbao zinazolizunguka ni ushahidi ule ule wa msasa. Zile zilizoagizwa maalum zenye mbao ya michirizi mizuri ya asili mara nyingi zina namba ya kuunganishia iliyopigwa kwenye mbao ndani, kwenye bamba la kitako na kwenye ulimi, zikilingana umepata kitu kizuri.

Halafu urefu wa mtutu, maana kuna wanaokata mtutu wa raifo (ile ndefu) ili wauze kama kabini fupi (kabini ni toleo lenye mtutu mfupi kuliko raifo), na kabini fupi za kweli ni adimu na ni ghali. Funga leva, hakikisha haina kitu kama tulivyosema, ingiza fimbo ya mbao kwa mdomo wa mtutu mpaka iguse bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), weka alama, itoe upime. Kabini ya kawaida ni inchi 20, raifo ya 1873 ni inchi 24, raifo ya 1886 na 1894 ni inchi 26. Kiwanda kilipokea oda za urefu mwingine kwa hiyo tofauti pekee haithibitishi uongo, ila iangalie pamoja na vingine: mdomo wa mtutu umemalizwa vizuri? kilengeo cha mbele kiko mahali pake? bomba la risasi linaishia panapotakiwa? Chini ya inchi 16 kuna sheria nyingine kabisa ya shirikisho juu ya mitutu mifupi, hapo usiguse bila kuuliza mtaalamu.

Kuna alama moja ndogo inayookoa hela. Winchester walianza mwaka 1905 kupiga muhuri wa herufi W na P ndani ya yai kwenye mtutu na bodi. Ukikuta bunduki ambayo namba yake inasema 1896 halafu mtutu una muhuri huo, mtutu sio wa kuzaliwa nao, ulibadilishwa au bunduki ilirudi kiwandani. Ukikuta muhuri kwenye kimoja na kingine hakina, vivyo hivyo.

Ndani ya mtutu, fungua leva, weka kikaratasi cheupe mwanga uakisi au tumia tochi ndogo, tazama kutokea mdomoni. Baruti nyeusi na fataki za zamani (viwashio vya risasi) ziliacha chumvi inayovuta unyevu, asiyesafisha siku ile ile mtutu wake uliliwa, kwa hiyo mitutu yenye giza ni mingi na kwa mkusanyaji sio kosa kubwa. Unachotafuta ni mifereji ya kuzungusha risasi kama bado ina kingo, na kivuli cha pete. Pete nyeusi inayozunguka mahali pamoja maana yake mtutu ulivimba hapo, pengine risasi ilikwama ikapigwa nyingine nyuma yake. Pitisha vidole kwa nje utasikia uvimbe.

Mtambo ujaribu polepole. Nyundo ishike kwenye hatua ya nusu na hatua ya mwisho, na ikiwa nusu, kuvuta triga kusiiangushe. Leva isiyumbe sana na ikifungwa ikae. Usiiachie nyundo ipige bila kitu ndani, pini za zamani za kupigia risasi zinavunjika na mwenye nayo atakasirika kihalali. Na kupiga risasi, mimi nasema hivi: Henry, 1866, 1873 na 1876 zinafunga kwa viungo vya kukunja, havikutengenezwa kwa presha ya risasi kali za leo, kwa hiyo kabla hujafikiria kuipiga ipeleke kwa fundi anayezijua hizo, sio fundi yeyote. Ya thamani kubwa usiipige kabisa.

Kwenye katalogi za minada utakutana na madaraja ya NRA (chama cha wenye bunduki cha Marekani) kwa ajili ya antiki, na watu wanayasoma vibaya kwa sababu maneno yake yanasikika matamu. Excellent maana yake rangi ya asili imebaki zaidi ya asilimia 80 na vipande vyote ni vya asili. Fine ni zaidi ya asilimia 30. Very Good inaweza kuwa haina rangi kabisa, kuanzia sifuri mpaka 30, ila vipande vyote ni vyake, chuma ni laini na kingo bado ni kali. Good ndo panapoanza kuruhusu vipande vidogo vilivyobadilishwa, kutu ya hapa na pale, bluu ya kupigwa upya, mbao iliyopigwa upya. Umeona? Bunduki inayowaka iliyopigwa rangi jana iko Good, na ile ya kijivu isiyo na rangi lakini kamili iko juu yake, Very Good. Chini kuna Fair na Poor, hizo nunua kwa ajili ya vipuri au kwa kujifunzia.

Makaratasi. Jumba la makumbusho ya silaha la Cody, Wyoming, linatunza kumbukumbu za kiwanda na kwa ada wanakuandikia barua: bunduki namba hii iliagizwa na mtutu wa aina gani, triga gani, iliondoka stoo tarehe ngapi. Kwa 1894 kumbukumbu zinafika namba 353,999, na za Marlin zinaishia karibu na 1906. Majedwali ya tarehe yaliyozagaa mtandaoni yanapingana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo bunduki iliyo karibu na mpaka wa 1898 usinunue kwa jedwali, pata barua. Na hadithi za "hii ilikuwa ya sherifu fulani" bila karatasi usizilipie hata dola. Zikiwa na karatasi ni mambo mengine kabisa: Winchester 1886 namba 1, aliyopewa kapteni Henry Lawton aliyemfukuzia Geronimo, kiongozi wa Waapache, iliuzwa na kampuni ya mnada ya Rock Island mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 1.2.

Ukishaipeleka kwako, mkono wako ndo hatari yake kubwa. Usiisugue. Hakuna msasa, hakuna waya, hakuna dawa ya kutoa kutu, ile kahawia iliyotulia juu ya chuma ndo ngozi yake. Ile ya Nevada wataalamu waliishia kuizuia mbao yake isiendelee kubomoka, hawakuirudisha kuwa mpya, na mpaka leo iko na kijivu chake. Wewe pangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya bunduki, au paka nta ya makumbusho nyembamba ung'arishe kwa kitambaa, vaa glavu maana jasho la vidole linaacha alama ya kutu kwa wiki chache tu. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi hata kama ilikuja nayo, ngozi inashika unyevu na asidi yake inakula chuma, tundika ala pembeni. Chumba kiwe na unyevu wa karibu asilimia 50, kikiwa kikavu sana mbao inapasuka, kikiwa na maji kutu inaamka. Kabati lifungwe na ufunguo watoto wasiufikie, antiki inaua vile vile. Na piga picha namba, mihuri yote na kila kasoro siku ya kwanza, uweke pamoja na risiti, siku ukitaka kuuza au bima wakikuuliza una kila kitu mkononi.